TRIO, EOPS, ASAP au dirisha la kawaida: msaada upi wa komyuniti koleji unakufaa?

Kila Agosti napigiwa simu zinazofanana. "Kaka, nimekubaliwa komyuniti koleji. Sasa nifanye nini?" Anayeuliza anaweza kuwa kijana aliyemaliza sekondari Columbus, mama wa Kikongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Lexington, au Mkenya wa Lowell aliyechoka na kazi ya kutunza wazee na sasa anataka kusomea uuguzi. Wote wameshavuka sehemu rahisi. Kuingia komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili hapa Marekani, ni kama kupanda daladala: mlango uko wazi, nauli ni nafuu, na kondakta hakuulizi ulipata divisheni gani Kidato cha Nne. Kazi iko kwenye kufika kituo unachokwenda.

Watafiti wanaofuatilia vyuo hivi wanasema kati ya wanafunzi 10 wanaoanza, kama 8 wana nia ya kuhamia chuo kikuu wakachukue shahada ya kwanza. Baada ya miaka sita, waliohama ni kama theluthi moja ya wote walioanza, na walioipata hiyo shahada ni kama 16 kwa kila 100. Usidhani hao wengine wote walishindwa Hesabu. Kuna ambao gari liliharibika, meneja alibadilisha shifti, mtoto aliugua wiki ya mitihani, fomu ya FAFSA (ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu) ilikosa sahihi moja, au walisoma kozi ambazo chuo kikuu hakikuzihesabu.

Mimi ni wa hilo la mwisho. Muhula wa kwanza nilipangiwa masomo na mshauri niliyekaa naye dakika kumi na tano, huku foleni imefika nje ya mlango. Alikuwa mtu mpole, wala sina kinyongo naye. Ila krediti 9 (vipimo vya uzito wa kozi) nilizozisotea hazikupokelewa nilipohama, na katika muda wote ule hakuna aliyenipigia simu kuuliza naelekea wapi. Ghorofa ya juu ya jengo lile lile kulikuwa na ofisi iliyoandikwa TRIO. Niliipita mwaka mzima nikidhani ni bendi ya wanafunzi.

Kwa hiyo nikilinganisha huduma hizi, kuna jambo ninalolitazama kabla ya mengine yote: nikipotea, nani atajua? Wengi wetu tumelelewa kwamba kumsumbua mtu mzima ofisini kwake si adabu. Tunangoja kuitwa. Huku Marekani, ukingoja kuitwa, utangoja mpaka muhula uishe, labda uwe kwenye programu ambayo kukuita ni sehemu ya kazi yao.

Dirisha la kawaida

Hizi ni huduma ambazo kila mwanafunzi anazo, hata mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni: mshauri wa masomo, chumba cha tuisheni, watu wa kukusomea insha yako kabla hujaikabidhi, laptopu za kuazima maktaba, na vyuo vingi siku hizi vina stoo ya chakula. Hulipi kitu zaidi ya ada yako. Tuisheni ya nyumbani tuliilipia, na aliyekwenda alionekana mtoto wa wenye nacho. Huku ni ya bure na bado tunaikimbia, tukiogopa kuonekana hatuna akili. Wanaojaa mle ndani ni wanaotafuta A.

Nitasema neno moja la ziada juu ya ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, maana wengi wetu hatuigusi. Sheria mbili, ile ya 1973 na ile ya ADA ya 1990, zinakilazimu chuo kukuwekea mazingira ya kusoma kama wenzako: muda zaidi wa mtihani, chumba tulivu, mtu wa kukuandikia maelezo. Ulemavu hapa si magongo na fimbo nyeupe peke yake. Aliyetoka vitani na bado anashtuka mlango ukigongwa, anayeshindwa kusoma kwa sababu herufi zinamchezea machoni, hao nao wamo. Tofauti na shule ya mtoto wako, ambako walimu wanatakiwa wamtafute mwenye shida, chuoni ni wewe unayekwenda na karatasi ya daktari na kuomba. Usipoomba, hawajui.

Na hapo ndipo udhaifu wa dirisha la kawaida ulipo: linakusubiri. Katika vyuo vya New York vilivyowahi kuchunguzwa kwa kina, mshauri mmoja wa kawaida alikuwa na wanafunzi kati ya 600 na 1,500. Hata angekuwa malaika asingekujua jina.

TRIO

TRIO ni kundi la programu za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi. Jina lilitokana na programu tatu za mwanzo: Upward Bound ya 1964, Talent Search ya 1965, na hii ya walio vyuoni iliyoanzishwa na sheria ya 1968, ambayo leo inaitwa Student Support Services. Zimeongezeka, jina likabaki. Pesa zinatoka serikali kuu, zinakwenda kwa chuo kilichoomba na kushinda, kwa vipindi vya miaka mitano. Ndiyo maana chuo kimoja kinayo na jirani yake hakina.

Unaingia ukiwa na mojawapo ya sifa tatu: kipato kidogo, ulemavu, au wazazi wasio na shahada ya kwanza. Hii ya tatu isome vizuri, kwa sababu watu wetu wengi hujitoa wenyewe kabla hawajauliza. Kama ulilelewa na mzazi mmoja tu, anayehesabiwa ni huyo aliyekulea; baba mwenye shahada aliyekuwa mjini na familia nyingine hakuzuii. Na kama hukukaa na mzazi yeyote kabla ya miaka 18, ulikuzwa na bibi au mjomba, sheria inakutambua pia kuwa wa kwanza kwenu. Mzigo wa nafasi umeegemea wenye zaidi ya sifa moja: theluthi mbili za wanafunzi wa programu lazima wawe wenye ulemavu, au wawe na kipato kidogo na wakati huohuo wa kwanza kwao. Kama una sifa mbili, zitaje zote.

Pia lazima uwe mtu anayestahili msaada wa masomo wa serikali kuu: raia, mwenye grinikadi (waliokuja kwa bahati nasibu ya viza wamo), mkimbizi, aliyepewa hifadhi. Mwenye F-1 mlango huu umefungwa.

Ukishaingia unapewa mshauri ambaye ana wanafunzi mia moja na kitu au mia mbili, tuisheni, msaada wa kujaza FAFSA, ziara za kutembelea vyuo vikuu, na mtu wa kukaa nawe mkilinganisha kozi zako na zile ambazo chuo kikuu unachokitaka kitazipokea. Baadhi ya vyuo huongeza ruzuku ndogo kwa wanaopata Pell (ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo), na vingine vina TRIO maalumu kwa wanaojifunza Kiingereza. Lakini sifa yake kubwa kwa watu wetu ni hii: hailazimishi kusoma muda wote, yaani krediti 12 au zaidi kwa muhula. Ukichukua krediti 6 kwa sababu unafanya zamu ya usiku ghalani, bado ni mwanafunzi wao.

Kasoro yake ni kwamba inategemea siasa za Washington. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti isiyo na fungu la TRIO kabisa. Bunge ndilo lenye mkoba, na mapendekezo ya namna hiyo hayapiti hivi hivi, ila si vibaya ukamuuliza mwenye ofisi: ruzuku yenu inaisha mwaka gani?

EOPS

Hii, kwa kirefu Extended Opportunity Programs and Services, ni ya California peke yake, imekuwepo tangu 1969, na inalipiwa na jimbo. Ada ya komyuniti koleji huko kwa wakazi ni dola 46 kwa uniti, kama wanavyoita krediti, na mwenye kipato kidogo husamehewa kabisa. EOPS inaanzia hapo. Imejengwa kwa kujua kwamba ada ikisamehewa bado kuna vitabu, na kuna kozi ya Baiolojia inayojaa dakika ishirini baada ya usajili kufunguliwa.

Wanachokupa cha thamani kuliko vyote, kwa maoni yangu, si vocha ya vitabu. Ni kujisajili mapema, kabla ya wanafunzi wengine. Mwenye watoto wawili na kazi hawezi kusoma kozi ya saa nane mchana kwa sababu tu ndiyo iliyobaki. Anayechagua ratiba kwanza anamaliza mapema, na hili watu hawalioni mpaka walikose.

Masharti: uwe mkazi wa California (wapo pia wasio na makaratasi wanaokubalika kwa sheria ya jimbo ya AB 540), ustahili msamaha wa ada, uwe hujafikisha uniti 70, usome muda wote, yaani uniti 12, na uwe na kikwazo cha kielimu. Kikwazo kinachotambuliwa ni pamoja na kutoka nyumba ambayo lugha yake si Kiingereza. Kwa mara ya kwanza Kiswahili cha mama yako kinakuongezea alama.

Halafu lazima uonane na mshauri mara tatu kila muhula. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mara ya kwanza mnapanga, mara ya pili katikati ya muhula mnaangalia maendeleo, na hapo ndipo inapogundulika kwamba hujaingia darasa la Hesabu wiki mbili.

Mama au baba anayelea peke yake na kupokea CalWORKs, msaada wa jimbo kwa familia zenye kipato kidogo, ana tawi lake ndani ya EOPS, linaitwa CARE, lenye nyongeza kwa ajili ya matumizi kama ulezi wa watoto. Na hakuna kinachokuzuia kuwa EOPS na TRIO kwa pamoja. San Diego, ambako Waswahili tuko wengi, utakuta watu wanachukua vitabu huku na ziara za vyuo vikuu kule.

ASAP

Kwa kirefu ni Accelerated Study in Associate Programs. Ilianza 2007 kwenye vyuo vya jiji la New York, CUNY. Kati ya hizi zote, ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, maana iliwahi kupimwa kama dawa hospitalini: wanafunzi wapatao 900 wenye kipato kidogo, waliohitaji kozi za kujazia msingi, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaingia ASAP, nusu wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu upande wa ASAP walikuwa asilimia 40, upande wa pili asilimia 22. Ohio walipoinakili kwenye vyuo vitatu, miaka mitatu baadaye ikawa 35 dhidi ya 19.

Siri yake haina uchawi. Mshauri alikuwa na wanafunzi 60 hadi 80, si 1,500. Kadi ya usafiri ya kila mwezi ilitolewa bure, ila uichukue baada ya kuonana na mshauri, kwa hiyo hata mvivu alifika. Ada iliyobaki baada ya misaada ikafutwa, vitabu vikalipiwa. Ohio, kwa kuwa watu wanaendesha magari, kadi ya treni iligeuzwa kuwa kadi ya kununulia mafuta na vyakula. Nampa heshima aliyebuni mtego huo: nauli mkononi, mazungumzo kwanza.

Sasa bei yake. Lazima usome muda wote, krediti 12 au zaidi, kila muhula, na kozi za msingi uzimalize mwanzoni, usizikwepe. Kozi lazima ziwe kwenye orodha yao, na kwenye baadhi ya vyuo uuguzi haumo kwa sababu ngazi zake hazikai vizuri ndani ya mpango wa kumaliza haraka. Kwa jamii yetu, ambayo kila nyumba ina mtu anayeota koti la nesi, hilo uliza siku ya kwanza. Na ukija ukiwa umeshakusanya krediti nyingi kwingine, unaweza kukataliwa.

Ukiwa New York na Kiingereza chako bado hakijakaa, usikimbilie ASAP moja kwa moja. Pitia kwanza CLIP, programu ya CUNY ya Kiingereza cha saa 25 kwa wiki, ambayo haigusi ruzuku yako. Ruzuku ya Pell ina ukomo wa mihula 12 ya maisha yako yote. Nimeona watu waliotumia minne kwenye Kiingereza peke yake, wakaja kukwama chuo kikuu mwaka wa tatu.

Kwa macho ya haraka:

| | TRIO | EOPS | ASAP |
|---|---|---|---|
| Wapi | Nchi nzima, si kila chuo | California | CUNY. Nakala Ohio na kwingineko |
| Muda wote lazima? | Hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Kinachokuingiza | Kipato, wazazi bila shahada, au ulemavu | Msamaha wa ada na kikwazo cha kielimu | Ukazi, kozi iliyo kwenye orodha, krediti chache za nyuma |
| Cha kushika mkononi | Kidogo, pengine hakuna | Vitabu | Usafiri, vitabu, ada iliyobaki |
| Ukipotea | Ofisi nyingi zitakutafuta | Watakuona ndani ya muhula | Watakuona ndani ya mwezi |

Nani achukue nini

Kijana wa miaka 19 anayeishi kwa wazazi Bronx, hana mtoto, kazi yake ni ya wikiendi: ASAP, bila mjadala. Asidanganywe na marafiki kwamba krediti 12 ni nyingi.

Mama anayefanya zamu ya usiku kiwandani mpaka saa kumi na mbili asubuhi, halafu anawapeleka watoto shule: hapa ndipo ninapogombana na wanaharakati wa "muda wote". Wanamwambia akajiunge na kitu chenye kadi na vocha. Anajisajili krediti 12, mwezi wa pili anaacha kozi mbili, na kanuni za msaada wa serikali zinambana, kwa sababu kwa kawaida unatakiwa ukamilishe kama theluthi mbili ya krediti ulizojisajili na wastani wako usishuke chini ya 2.0. Anapoteza Pell yenyewe kwa kukimbilia nyongeza. Huyu TRIO, krediti 6, na Pell yake itakatwa kulingana na krediti lakini haitafutwa. Mama mmoja wa kutoka Uvira aliniambia, "Ndugu yangu, mimi ni kobe, lakini nafika." Alichukua miaka mitano. Cheti kimetundikwa sebuleni.

Mama anayelea peke yake California na anaweza kupunguza kazi kwa miaka miwili: EOPS na CARE kwa pamoja.

Mwenye F-1: msaada wa pesa usahau, ila ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iwe kama nyumbani kwako, na tuisheni itumie mpaka wakujue kwa jina. Wewe sheria ya viza inakulazimisha krediti 12 hata hivyo, na kuacha kozi bila kuwauliza wao kwanza kunaweza kukugharimu hadhi yako ya kukaa nchini.

Na kama chuo chako hakina chochote kati ya hivi, jitengenezee mwenyewe: chagua mshauri mmoja, mwandikie barua pepe umtajie chuo kikuu unachokilenga, omba miadi mitatu kwa muhula, na uende hata kama huna swali. Ni EOPS ya kujichongea, lakini inasaidia.

Kabla hujasaini popote, ulizia idadi ya wanafunzi kwa kila mshauri, halafu uliza hivi: "Nisipofika darasani wiki mbili, nani atanipigia?" Niliwahi kuuliza ofisi mbili siku moja. Ya kwanza walinieleza kwamba mfumo hutuma ujumbe wenyewe. Ya pili dada wa mapokezi alimnyooshea kidole mwenzake aliyekuwa na simu sikioni, akasema, "Yule."

Nafasi hujaa mapema, hasa TRIO. Usingoje foleni ya Agosti. Nenda Aprili au Mei, na bahasha yenye nakala ya ripoti yako ya kodi, muhtasari wa FAFSA, na grinikadi au I-94 yako (rekodi ya kuingia nchini). Kama cheti cha sekondari kilibaki Goma au kiliungua, nenda hivyo hivyo uwaeleze. Watakuelekeza kwenye mtihani wa GED au HiSET, unaosimama badala ya cheti cha sekondari, na mara nyingi madarasa yake ya maandalizi yako jengo hilo hilo.